Mstari wa Chaki

Ukumbi wa mazoezi ulinuka raba na soksi za jana.
Dewsbury, Jumanne, mvua ya Februari ikikwaruza madirisha,
nami, Winifred Ackroyd, mwalimu wa dini kwa mwaka wa kumi na tisa,
nikapiga magoti nikachora mstari
kutoka mlangoni hadi kabati la mipira.
Mwanzoni niliandika: mbegu na yai.
Mwishoni: kilio cha kwanza.
Katikati majuma, moja moja, kama vifungo vya koti.

"Simameni," niliwaambia, "pale uhai unapoanza.
Si mnapopenda nyinyi. Pale imani mliyoisoma inaposema.
Swali lina alama kumi na mbili,
na mtahini hataki machozi, anataka sababu."

Ciarán Duddy hakusita: mwanzoni kabisa,
kisigino juu ya herufi.
Padri kasema, na kabla ya padri bibi yake kasema.
Harkiran akaja kusimama pale pale,
viatu vyao vikagusana,
wakatazamana kama wageni waliopewa chumba kimoja.

Haleema alihesabu kwa nyayo
hadi siku ya mia na ishirini. "Hapa roho hupulizwa."
Kisha akarudi nyuma kidogo. "Ila shangazi anasema arobaini."
Akabaki kapanua miguu, huku na huko,
kama mtu anayevuka mfereji na mkoba mzito.

Rivka Sugarman alikwenda hadi karibu na kabati:
kichwa kikishatoka.
"Lakini," akainua kidole, "sikusema kabla ya hapo ni kitu cha kutupwa.
Mnaandika nusu. Andikeni na hiyo nusu nyingine."

Tobias, ambaye kwao hawasali hata Krismasi,
alitembea juu ya chaki kama juu ya kamba,
mikono kaitandaza. Darasa likacheka.
Nami nikacheka, maana ndivyo nilivyo,
tofauti ni kwamba mimi nalipwa.

Delphine Oldroyd hakusogea.
Ukutani, koti mwilini, mikono ndani ya mikono ya koti.

"Delphine, wewe umesoma imani ipi?"
"Namtafuta mama, mwalimu."
"Mama yupi?"
"Wa huyu." Akauonyesha mstari kwa kidevu.
"Umeandika mbegu. Umeandika majuma. Umeandika kilio.
Yeye umemchora wapi?"

Chaki ilikuwa mkononi mwangu.
Nilitafuta pa kuiweka: pembeni? juu? kuuzunguka mstari wote?
Nikatazama chini, nikaona mbao,
mbao tulizozikanyaga tangu kengele,
kila mmoja na hoja yake, kila mmoja na viatu vyake.
Tunamwita mja mzito,
tukapima uzito, tukamsahau mja.

Ciarán aliinua mguu polepole,
kama aliyegundua kakanyaga kitanda cha mtu.
Rivka akashusha kidole.

Sikumwuliza Delphine anajua nini, wala kajulia wapi.
Yako maswali ambayo mwalimu huyameza
na kuyahisi kooni hadi usiku.
Kengele ikalia, wakatoka wakisukumana,
tayari wakigombania chipsi.

Jioni Bwana Braithwaite alipitisha dekio.
Chaki ikatoka, isipokuwa ile iliyoingia kwenye nyufa.

Nyumbani nilisahihisha.
Haleema kumi. Rivka kumi na moja, na mabishano ukurasa mzima.
Tobias aliandika vizuri kuliko anavyotembea.
Delphine: hakunukuu andiko, hakutaja dini,
upande mmoja tu, na sentensi ya mwisho imekatika.
Mwongozo wa kusahihisha uko wazi, hauna huruma wala chuki.
Nilimpa nne, kwa wino mwekundu.

Chai ikapoa. Nikaufungua tena ukurasa ule,
na pembeni, kwa penseli, ili aweze kufuta akitaka,
nikaandika: Nimemwona.