D ni Mlango

Karatasi ilifika Konde imekunjwa mara nane
ndani ya kasha la halua ya Maskati.
Nassor mwenyewe hakuja. Ilikuja sauti yake kwa simu:
"Mama, kila kitu kimo mle. Mpe fundi,
asiongeze wala asipunguze."

Fundi Khatibu Ussi husoma timazi, husoma pima maji,
ukuta uliopinda huusoma kwa jicho moja, la kushoto;
lakini herufi zisizo irabu kwake ni uhuni.
Akanipa mie, kwa kuwa nilifika kidato cha tatu
nikatoka na Kiingereza cha kuombea ruhusa.
"Soma, Mcha."

Nikasoma kwa sauti ya mtu ajuaye.
GL, usawa wa ardhi kabla hatujaitia jembe.
FFL, sakafu ikishakwisha, ikishasuguliwa,
pale utakapokaa unyayo wa mwenye nyumba.
DPC ilinishinda siku mbili.
Nikenda mpaka Wete kwa muuza saruji,
akanionesha bunda la nailoni nyeusi:
"Hii hulazwa juu ya msingi, unyevu usipande ukutani
kama ulivyowapanda babu zetu wote."
Nikarudi nimevimba kichwa.

Ndipo nikafika kwenye D.
D1, D2, D3, D4.
Nani aliyezaliwa kisiwani hapa
atakayeambiwa D si dirisha?
Na W zilikuwa sita. Nikafikiri, nikafikiri,
nikamwambia fundi: "W ni wazi. Paache wazi mpaka chini.
Mtu wa Maskati huyo, labda ana hamu ya upepo."

Tukajenga.

Linta zilipokaa, masika yakatuachia siku moja kavu,
Bi Chumu akaja na mkongojo kutazama nyumba.
Akazunguka. Akazunguka tena.
Chumba chake kilikuwa na milango miwili ya kutokea migombani
na dirisha moja la kuingilia kutoka ukumbini.
Choo kilikuwa na mlango uliotazamana na njia ya msikitini.
"Mcha," akasema, "mguu wangu huu haukunjiki.
Humu nitaingia kama paka,
au mtanitia kama barua?"

Fundi Khatibu hakunitukana.
Alinipa nyundo, akakaa juu ya mfuko wa saruji,
akawasha sigara, akanionesha D ya kwanza kwa kidevu.
Siku nne nilivunja nilichokijenga,
vumbi likanikaa kwenye kope mpaka Ijumaa.

Usiku nikaikunjua karatasi kwa taa ya simu.
Chini, pembeni, kwa maandishi ya sisimizi: NTS.
Nikampigia binamu yangu wa Vitongoji, asomea ujenzi Unguja.
Alicheka kwanza. "Mchoro haukufuata kipimo.
Usiupime kwa rula, utakudanganya."
Na hii TBC, nikamwuliza, iliyomo chumba cha mwisho,
kile Bi Chumu akiitacho cha Nassor?
"Hiyo itathibitishwa."

Fundi naye ana daftari lake.
Kila mwezi tarehe, na mbele ya tarehe, B.
Nilidhani ni boriti.
"Bado," akaniambia. "Bado hajaleta."
Nilihesabu B kumi na moja.

Sasa nyumba imeezekwa. Milango ni milango,
isipokuwa D4, ya jikoni: Bi Chumu alikataa isiguswe.
Amezoea kuegemea pale, Mwanakombo jirani ampitishie sinia,
wakasengenya, viwiko juu ya saruji.
Mlango wa jiko tuliutoboa pengine.

Chumba cha Nassor hatujakitia sakafu.
Ukutani nimeandika kwa kaa, neno zima,
asije mwengine akakosea: DIRISHA.
Na pale pa kuingilia: MLANGO.
Bi Chumu hupita asubuhi, kidole hewani,
huzifuata herufi moja moja,
na akifika mwisho hurudi kwenye M.