Kikapu cha Saba

Faili langu limelala juu ya meza ya mtu kule Mtumba.
"Rudi Jumatatu," na leo ni Ijumaa.
Nikapanda bodaboda hadi nyuma ya kilima cha Ntyuka,
visahani vitatu ndani ya mkoba wa semina.

Mwenyeji wangu ni Nyemo, fundi wa kuchomelea mageti.
Vikapu vya uwanja huu kavitengeneza mwenyewe:
juu rimu ya baiskeli, chini karai lililotobolewa,
katikati minyororo ya pikipiki iliyochoka kazi.
Viko kumi na viwili. Ramani hakuna.
"Ramani ni Mbeleje," anasema,
na binti yake wa miaka kumi ananiambia mbukwa
huku akinipima kwa macho
kama fundi cherehani asiyehitaji futi.

Mimi wa Mufindi. Mkono wangu umelelewa na misonobari,
umefundwa kupenya, kunyooka, kuogopa magome.
Kwetu ukungu hukibeba kisahani kama yaya.
Hapa hakuna mti wa kuuogopa.
Kuna anga, kuna miba,
kuna mawe makubwa kama nyumba
ambazo mwashi alisahau kuziwekea milango.

Kikapu cha kwanza narusha vizuri,
najiambia vizuri,
kisahani kinapanda, kinapanda,
halafu kinageuka kama mtu aliyekumbuka funguo nyumbani
na kuja kutua nyuma yangu.
Mbeleje hacheki. Hilo ndilo linalouma.
Anachora mstari mmoja vumbini kwa kijiti.

Cha nne hakionekani kabisa.
"Lenga lile jiwe lenye mkojo wa pimbi."
Naliona, limepakwa weupe kama chokaa.
"Na kikapu?"
"Kipo. Nyamaza."
Nikanyamaza, na kushoto, chini ya upepo,
nikaisikia minyororo ikigongana taratibu
kama vijiko jikoni kwa jirani.
Nikarushia sauti.
Sikupata. Lakini nilikosa kidogo.

Cha saba kinapakana na zabibu za Mama Masinjila.
Sheria ya hapo haikuandikwa popote:
kisahani kikiingia shambani, mguu wako usiingie.
Simama kwenye ua wa minyaa,
salimia mpaka uitikiwe.
Changu cha machungwa, nilichokinunua kwa mshahara wa kwanza,
kilivuka ua bila hodi.
Nikasalimia mara tatu.
Akatoka na kisu cha kupogolea, akanisikiliza,
akapita mistari miwili, akainama, akainuka.
"Kipo humo. Majani yakipungua kitaonekana."
Akanipa kishada kimoja, kichachu bado,
na Mbeleje akachora mistari miwili:
mmoja wa kisahani, mmoja, anasema, wa zabibu.

Upepo wa mchana ukaja na changarawe mdomoni.
Kwenye cha tisa nikainua mkono, nikaushusha,
nikainua tena.
"Kibiringishe," akasema yule mtoto.
"Nini?"
"Kama rimu. Hujawahi kucheza rimu?"
Niliwahi. Nilikuwa na rimu, na kijiti, na magoti ya kuchubuka,
na barabara ya Mafinga ilikuwa yangu yote.
Nikakisimamisha kisahani ubavu, nikakiachia ardhini,
kikakimbia chini ya upepo,
kikashuka korongoni kwenye mchanga mkavu,
kikaibuka ng'ambo, kikayumba kama mlevi mwenye heshima,
kikalala hatua nne kutoka kwenye kikapu.
Hapo ndipo alipocheka,
na pengo la jino likaonekana.

Nilishindwa kwa mistari kumi na tisa.
"Mgeni njoo," alisema Nyemo, "mwenyeji ashinde,"
akanimiminia maji ya dumu mikononi,
na maji yakaondoka mekundu.

Jumatatu, Mtumba, karani hakuinua uso:
"Sahihi bado. Rudi Alhamisi."
Nikamwambia asante
kwa namna iliyomfanya aache kuandika
na kunitazama.