Pima

Nilifika Kiuyu na dodoso mkobani,
ukurasa mmoja, visanduku ishirini na vinne vya saa,
kila kimoja na swali lake mlangoni:
Ulifanya nini? Kwa muda gani? Ulilipwa?
Tunguu tulikubaliana hivyo,
mimi na msimamizi wangu, chini ya kiyoyozi.

"Karibu, mtoto wa chuo," akasema Bi Mize Faki.
"Wasomea nini hasa?"
Nikasema: Wanawake. Nasomea wanawake.
Akacheka hata chane zikamponyoka.
"Tangu lini mzima akasomewa?
Husomewa maiti, husomewa mwenye pepo.
Mie sijafa,
na mashetani yangu tushaelewana."

Nami nikacheka. Nikaandika tarehe.

Mkuu wa kaya?
"Andika Khatibu. Yuko Tanga, mwaka wa tisa huu.
Ila ukitaka kujua chumvi imekwisha lini
na nani kaamka na homa,
usipige Tanga."

Kazi ya mhojiwa?
"Kazi sina, mwanangu. Nimekaa tu."

Nimekaa tu,
na vidole havijakaa:
vyapandisha chane, vyalaza, vyageuza,
ukili wateremka magotini bila haraka,
goti la kushoto labembeza mjukuu,
na jicho moja liko uani, kwenye jamvi la karafuu,
lakadiria wingu.

Saa nne hadi saa tano, Bi Mize?
"Saa nne ya nani?"
Akaufungua mzingo wa ukili sakafuni.
"Toka mtoto aende chuoni hata adhana ya adhuhuri,
pima moja na shubiri.
Hapa mvua ilinikimbiza kwenye karafuu,
waona msuko umelegea.
Hapa niliitwa, Raya uchungu umemshika;
niliporudi nikapachika chane yoyote,
rangi haikulandana.
Na hapa..."
akapapasa, kama atafutaye mwiba,
"hapa nililetewa habari ya dada yangu.
Siku tatu sikuushika.
Kisha nikaendelea palepale."

Dodoso langu halina kisanduku cha palepale.
Kalamu ikasimama juu ya karatasi
kama mgeni aliyebisha hodi nyumba siyo.

Nikaikumbuka fomu yangu ya kujiunga.
Niliijaza mwenyewe, kwa peni ya buluu:
Kazi ya baba: mwalimu.
Kazi ya mama:
nikapiga mstari.
Mstari mfupi, mnyoofu, wa rula,
na yeye nyuma yangu anapuliza moto,
ada ya muhula wa kwanza inaumuka
ndani ya bakuli la mkate wa kumimina.
Hakuna aliyeniuliza ule mstari ni kazi gani.
Miaka mitatu nimesoma nadharia,
nimejua kuutamka ubeberu na mfumo dume,
na mstari ule uko kabatini kwa msajili,
wino wake haujapauka.

Niliporudi Tunguu wakaniuliza,
"Pima ni kitu gani? Zigeuze ziwe dakika."
Nilizigeuza. Usiku kucha nilizigeuza.
Kila kitu kiliingia jedwalini,
karafuu, mvua, hata uchungu wa Raya.
Siku tatu za msiba zikatoka sifuri.
Nikafuta jedwali lote.

Lakini hilo lilikuja baadaye.
Siku ile jua lilishapinda,
karafuu zishaingizwa ndani,
na Bi Mize akanipa ncha ya ukili:
"Weka hiyo karatasi chini. Shika. Nyoosha mikono."
Nikanyoosha, kifua wazi,
kama ninayehojiwa ni mimi.
Akautazama ukili, akanitazama,
akauvuta kidogo.

"Pima yako fupi," akasema.
"Haidhuru. Andika hivyo hivyo."