Tundu la Mdudu

Kitabu kiliingia Olomouc kimeviringishwa blanketi la farasi,
kama mgonjwa anayehamishwa usiku.
Jalada la ngozi ya nguruwe. Kimekula moshi, kimekunywa mafuriko,
na ukurasa wa kumi na saba una doa la nta
ambalo kwa miaka mia nne hakuna aliyelikiri.

Zdislava amevaa miwani juu ya miwani.
Anakipangusa kwa brashi ya manyoya ya kindi,
anakisoma kwa Kilatini cha kudokoadokoa.
Mwandishi wake jina limeliwa na unyevu, imesalia N.
N. huyu anagombana na wakubwa zake:

walinena kwamba jicho hutoa miali,
huipeleka mbele kama kipofu anavyopeleka fimbo,
na anayetazama nyota ameigusa.
(Nasi je? Tunatupa jicho, tunakaza macho,
tunasema fulani ana jicho baya,
kana kwamba jicho ni jiwe, ni kamba, ni sumu.)

Jicho halitupwi, aandika N. Jicho linashinda nyumbani.
Msafiri ni nuru, naye habishi hodi:
macho hayana pazia.
Unabisha? Likodolee jua,
kisha uniambie nani kamuumiza mwenziwe.

Pembeni, kwa wino wa kahawia, msomaji mmoja kaandika: Uongo.
Chini yake, mkono uleule, ila umezeeka, unatetemeka:
Labda.

Baba yake Zdislava, mzee Otakar, fundi saa,
ana mtoto wa jicho, macho yote mawili.
Mtoto gani huyu, anayezaliwa na mzee wa miaka themanini na mitatu?
Halii, hanyonyi, ananenepa tu,
mweupe, amekaa kizingitini mwa mboni, hapishi mtu.
Daktari anataka kumtoa. Mzee hataki:
"Nimekwisha ona. Nimeona serikali tatu zikianguka
na mama yako akicheka. Yatosha."

Februari, alasiri, jua kali juu ya theluji.
Zdislava amefunga mbao za dirisha, wino wa kale hauzoei jua,
ameacha ufa mmoja. Anainua ukurasa uliochomoka
aione alama ya maji ya mtengeneza karatasi,
anauziba ufa nao,
na nuru inapita palipobaki pa kupita:
kwenye tundu alilotoboa mdudu
siku ambayo N. alikuwa tayari udongo.

Ukutani: mnara wa kanisa, kichwa chini miguu juu.
Mapaa yananing'inia. Anga imemwagika sakafuni.
Mtu na mbwa wake wanatembea darini kama nzi,
wadogo, wana rangi, hawana habari.

Mkono unamtetemeka. Mnara nao unatetemeka.

Anapiga simu.
"Baba, kuna mdudu kasoma kitabu kizima, jalada hadi jalada,
na kakielewa kunishinda mimi."
Anaeleza. Upande wa pili kimya,
kisha sauti ya kazini: "Tundu lina upana gani?"
"Kama ekseli ya gurudumu la sekunde."
"Hm. Na saa ya mnara, inasemaje?"
"Ni ndogo mno, baba. Siisomi."
"Inachelewa dakika nne. Siku zote inachelewa dakika nne."
Kimya tena; kijiko kinagonga kikombe.
"Jumatatu nipeleke kwa huyo daktari.
Nataka kuiona ikichelewa."