Theluji Ina Kesi

Nilistaafu kung'oa, meno huko Kuopio,
Sasa bure najitoa, kukopesha masikio,
Kahawa haijapoa, nimejua matukio:
Mtu huonyesha shavu, jino ovu kalificha.

Walikuja Februari, Tauno kisha Aune,
Kila mmoja na shari, hawataki waonane,
Mlangoni, kwa kiburi, ati rundo futi nane,
Theluji toka uani, kaimwaga kwa jirani!

Aune kaleta picha, na tarehe kaandika:
"Kesi siwezi kuacha, hata iende miaka."
Niliwaza, nikaficha: Aprili itayeyuka!
Hakimu apime nini, kizibiti ki ziwani?

Sikupima nani mbaya, wala nani ana haki,
Niliuliza: "Ni haya, au yapo yenye dhiki?"
Kimya. Akaanza upya, Tauno, kama hataki:
"Siku nilozika mke, wewe hukutoka ndani."

"Viatu nilivivaa, mkate u mkononi,
Saa nzima nikakaa, nimeketi mlangoni,
Neno lilinikataa, lilikwama ulimini.
Mkate ukawa jiwe, miaka sita ikenda."

Hawakukumbatiana, Wafini hatuna hilo.
Kalamu wakapeana, rundo likapata lalo,
Tauno kadai tena, mkate wa nusu kilo.
Saa mbili na kahawa, ndiyo gharama ya kesi.

Hakimu angetangaza, fulani ndiye mshindi,
Wakarudi kunyamaza, kila mmoja ka bundi;
Mkate kuueleza, sheria haina fundi.
Hukumu hufunga shavu, jino li pale, lauma.

Wapo niliowambia: "Ninyi kwa jaji nendeni."
Mke apigwaye, pia, simkalishi mezani.
Ila ugomvi wa njia, hutibika kahawani.
Fundi wa kweli koleo, ajua pa kuliweka.

Aprili nilipopita, rundo limekuwa maji,
Jembe moja wanavuta, wanachimba mfereji,
Tauno bado ateta, Aune ni msemaji!
Sikushuka kwenye basi; kazi yangu ilikwisha.