Mrusha-Lundo

Babu yuko bustanini na viatu vya mpira,
chepe mkononi, anahesabu vichuguu.
"Kumi na saba. Jana vilikuwa tisa."
Nyasi alizozinyoa kama kichwa cha kuruta
zimeota majipu meusi usiku mmoja.

"Maulwurf," anasema, kama mtu atemaye kokwa.
Maul, mdomo wa mnyama. Wurf, mrusho.
"Mrusha-kwa-mdomo! Jina linajieleza."

Halijielezi, Babu.
Kazi yangu ndiyo hii: huko Jena,
katika chumba cha droo elfu mbili,
nafukua maneno kwa mshahara wa kubana.
Fuko hurusha udongo kwa viganja,
vipana kama mwiko wa mwashi. Mdomo haumo.

Zamani palikuwa na neno mū,
silabi moja, fupi kama kuguna: lundo.
Fuko akaitwa mrusha-lundo, basi.
Kisha mū likafa. Hapakuwa na matanga.
Liliacha tu kusemwa,
na mrusha akabaki kashika mkono wa maiti.

Watu walisikia pengo, wakatia kiraka:
molte, vumbi la ardhi. Mrusha-vumbi.
Kiraka kikavaliwa karne na karne,
nacho kikachakaa.
Wakapapasa tena gizani
wakashika kilichofanana kwa sauti: mdomo.
Na kila kizazi kiliapa
kwamba neno liko hivyo tangu enzi na enzi.

Babu hasikii. Anamimina maziwa ya mgando
kwenye shimo la kumi na saba,
taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa.

Ndani, kahawa imepoa.
Ananiuliza kama treni ya Sömmerda ilichelewa.
Ananiuliza tena. Kisha anatazama dirishani:
"Hedwig, funga lango, bata watatoka."

Mimi ni Hedda.
Hedwig alikuwa dada yake,
kifaduro kilimchukua akiwa na miaka sita.
Bata sijawahi kuwaona katika ua huu.

Mdomo wangu ulishafunguka kumsahihisha.
Lakini jambo hili nalijua, nimeliandika kwa penseli
pembeni mwa kadi ngapi sijui:
sauti iliyotoweka, na ulimi unaopapasa
ukashika iliyo jirani.

Nikatoka na baridi yangu, nikafunga lango.
"Tayari, Ottfried," nikamwambia.
"Wote wako ndani."