Kibweta Kisicho Kufuli

Mwezi wa kwanza mama alipanda ngazi za Langoni
hadi chumba chetu cha juu, chenye tangi la maji mlangoni,
akatukuta watatu na kompyuta mbili.
Mwauza nini?
Programu, mama. Ya hesabu za maduka. Inaitwa Kibweta.
Na ufunguo wake?
Hauna. Kila mtu atafungua, atasoma ndani,
atachukua akitaka, atatengeneza akiweza.
Akamtazama Shekuwe, akamtazama Bwanamkuu,
akitafuta ni yupi aliyemroga mwanawe.
"Mato ya watu mangi, Mwanatumu,"
akasema, na chai hakuimaliza.

Miezi saba hatukuuza kitu.
Shekuwe akafundisha watoto wa jirani hesabu za kugawanya;
sisi hatukuwa na cha kugawanya.

Kisha likaja lalamiko kutoka Siyu,
la Famau Lali, mwenye duka la dawa,
mtu asiyejua kulalamika kwa nathari:

    Kibweta chenu kizuri, ila kina walakini,
    Magharibi ikijiri, Ijumaa i nyumbani,
    chenyewe hakifikiri, chanambia i njiani,
    nifungeje daftari, siku mbili kitabuni?

Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka.
Sisi, watu wa Amu, tumeandika programu
ambayo siku yake yaanza saa sita usiku,
kama mgeni aliyeshuka leo na saa yake ya kwao.

Siku tatu tuliukuna msimbo, chawa hatumwoni.
Ya nne nikaliweka shairi wazi, lote,
na tafsiri mbovu chini yake,
penye macho ya yeyote.

Akajibu mtu wa Surabaya, jina lake herufi tatu tu:
hata kwa shangazi yangu siku huanza jua likizama.
Akajibu wa Tromso: na kwetu je,
ambako kiangazi jua halizami kabisa,
mwezi mzima tuuandike siku moja?
Binti wa Tunduru akaleta jedwali la machweo.
Wa Anjouani akalivunja, kwa adabu.
Wakagombana usiku nne, nasi tumekaa kando
kama wenye arusi wasioulizwa habari ya chumvi.
Usiku wa tano likaja jibu:
mistari kumi na mmoja.
Nikaisoma nimesimama.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Nililisikia tangu chuoni, nikidhani lahusu nywele.

Mwaka uliofuata, chama cha wenye maduka ya dawa,
Mpeketoni hadi Kiunga, kikatuletea wakili.
Hakuuliza bei. Aliuliza:
mkifa nyinyi watatu, kibweta hiki nani atakilea?
Nikamwonyesha majina, mia mbili na kumi na tisa.
Akashuka nayo polepole, kidole juu ya kioo,
akafika la Famau (shairi nalo ni mchango),
akatabasamu, akaomba kalamu.

Watu huniuliza, kitu cha bure chakulisha vipi?
Kibweta hatukiuzi. Twauza kuitika:
simu ya Kizingitini saa nane za usiku,
mashine imezima na dawa za sukari zahesabiwa;
twauza safari, mafunzo, na kukesha.

Lakini fedha za kwanza zilipoingia,
nikanunua betri, nikamlipa Shekuwe madeni yake,
na usingizi ukanikataa.
Mistari kumi na mmoja, bei gani?
Nyumba ya Amu ina daka, mgeni hupumzika hapo
kabla ya kuingia.
Hawa walipumzika wapi?
Walifika, wakatengeneza paa, wakaondoka,
na sura zao siwajui.

Nikawaandikia wanne, nikaomba anwani.
Halwa nikaifunga mwenyewe, vikapu vinne,
mama akishika uzi, bila neno.

Wiki sita kimya.
Kisha herufi tatu za Surabaya:
Halwa imefika. Shangazi amekula yote.
Ila risiti mliyotia ndani, iliyotolewa na Kibweta,
yasema uzito ni kilo mia tano.
Nadhani ni gramu.
Nimeanza kutazama.